Kushoto Nyuma

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Na mkaguzi anayesema atafika saa tatu asubuhi kisha anatokea saa sita kasoro dakika kumi, huyo anazitafuta. Lakini nikianza na mkaguzi nitawachanganya. Nianze na mama mkwe wangu na ndege yake.

Ndege tunaiita Panzi. Ni ya watu wawili tu, mmoja mbele na mwingine mgongoni kwake, mbavu za bomba jembamba, ngozi ya kitambaa kilichopakwa rangi. Imemzidi umri mama mkwe, naye ana miaka sitini na mitatu. Haina magurudumu. Ina viatu viwili virefu vya bati, kila kimoja kirefu kupita watu wawili waliolala, na inaruka kutoka ziwani na kutua ziwani. Kwa miaka thelathini Mama ameirusha kupeleka barua na dawa ng'ambo, na mara moja moja abiria mwenye haraka na moyo mgumu. Mimi ni fundi wa injini. Nilikwenda pale kutengeneza kabureta, nikaondoka na mtoto wa watu. Mume wangu mpaka leo anadai kabureta haikuwa na tatizo lolote.

Basi mwaka ule wakajenga gati jipya, refu, likakata njia yetu ya kurukia katikati. Ofisi ya bandari ikaleta barua: ndege yoyote itakayoruka hapa iwe imeacha maji kabla ya boya la njano, ikiwa na watu wawili, mkaguzi akiwa ndani yake. Majaribio mawili. Ikishindwa, kibali kinafutwa. Nilikwenda na mtumbwi kupima kutoka kwenye gati letu mpaka kwenye lile boya. Nikarudi nikijua njia ni fupi mno.

Mume wangu, ambaye roho yake huwa mkononi kila mama yake anapowasha injini, akaiona nafasi.

"Mama, tukubaliane," alisema. "Ukipita, sisemi neno tena maisha yangu yote. Ukishindwa, tunaiuza. Kuna mwenye hoteli anaitaka."

"Anajua kurusha?"

"Hataki kuirusha. Anataka kuitundika darini, kwenye ukumbi wa kulia."

Mama aliweka kikombe chini. "Darini?"

"Wataipaka rangi nzuri."

Aliiacha chai ikapoa. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Nikishindwa, itundikeni." Na mama mkwe wangu akishasema sawa, hata umlilie damu harudi nyuma. Nilimwangalia mume wangu jicho ambalo analijua vizuri, akatoka nje kujifanya anatafuta kamba.

Mimi nikasema dawa ni nguvu. Nikaibomoa injini yote, nikabadilisha ringi, nikasaga vali mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikafunga propela ambayo mapanga yake hayajapinda sana, ile inayochomoka haraka ingawa haina mbio angani. Nikaja nikajisifu. Mama akanipongeza, haki hakuninyima, kisha akasema, "Injini ni yako, fundi. Maji ni yangu. Sasa twende tupime."

Akaleta mizani ya kupimia magunia. Jamani! Kila kitu kilichokuwa ndani ya Panzi kilining'inizwa kwenye ndoano ile. Zulia la miguuni, kilo mbili na nusu, nje. Mto wa kiti cha nyuma, nje. Nanga ya chuma ikapewa likizo, ikaja ndogo ya kubebwa kwa mkono. Chupa ya oili ya akiba, nje. Mkoba wangu wa spana ambao huwa nauweka nyuma ya kiti kwa ajili ya dharura, kilo kumi na moja, nje, na hapo tukagombana.

"Injini ikizima katikati ya ziwa utanikumbuka," nilimwambia.

"Nikiwa nimebeba spana zako, hata katikati ya ziwa sitafika."

Alichunguza hata matope kwenye soli za viatu vyangu. Halafu akanipima mimi mwenyewe. Namba aliyoiona aliitaja kwa sauti mbele ya mume wangu, na ninamshukuru Mungu kwamba mume wangu alikuwa na akili ya kutazama ziwa.

Tukaanza mazoezi, mimi nyuma, yeye mbele. Na hapa niseme wazi, kwa sababu sikuwahi kumwambia usoni: nilikuwa nimeishi na mtu yule miaka tisa bila kumjua. Mimi nilidhani kuruka ni kufungulia moto, yaani injini kwa nguvu zake zote, na kungoja. Kumbe! Chini ya kila kiatu, kama katikati yake, kuna mkato, ngazi moja tu. Tunaiita kidato. Ndege ikiwa inakwenda polepole, viatu vyote vimezama na inalima maji. Ikishapanda kidato, viatu vinagusa maji sehemu ndogo tu, na ndege inateleza. Kazi yote iko hapo, kutoka kulima mpaka kuteleza, na njia ni fupi.

Mama anafungulia moto wote na kuvuta fimbo ya usukani mpaka tumboni. Pua inainuka, huoni mbele ila mbingu. Hapo wenye papara wanaisukuma, ndege inachimba maji, habari imeishia hapo. Mama anangoja. Pua inainuka mara ya pili, kidogo sana, mimi nilihitaji siku nne kuihisi. Hapo ndipo anailegeza fimbo, taratibu, na Panzi inapanda kidato. Baada ya hapo kuna mkao mmoja tu unaofaa. Pua ikizidi kwenda juu visigino vinaburuta, ikizidi kwenda chini ncha zinachimba. Nilimuuliza anaupataje.

"Kwa makalio," alisema. "Ndiyo maana nimeutoa mto."

Na mwisho kabisa, maji yanapokuwa yanang'ang'ania viatu vyote viwili, analaza fimbo kulia kiasi cha upana wa vidole viwili. Kiatu cha kushoto kinabanduka kwanza, kisha cha kulia kinafuata chenyewe. Mara ya kwanza nilipoona tumelipita boya la njano likiwa chini yetu, nilipiga kelele nikamgonga begani, akaniambia nikimgonga tena nitarudi kwa kuogelea.

Sasa kuna jambo moja ambalo sikuwa nalipa uzito. Kila kiatu kina vyumba vinne ndani, jumla vinane, ili kimoja kikitoboka ndege isizame. Na vyote huingiza maji kidogo, ni vya zamani. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya salamu, Mama anashuka gatini na pampu ya mkono, anafungua kifuniko kimoja kimoja, anapampu mpaka hewa tupu itoke, huku anahesabu kila msukumo. Kisha anakwenda kwenye mlango wa banda letu la kando ya gati na kuandika kwa chaki namba nane mstari mmoja. Mlango wote ulikuwa umejaa. Kulia mbele, mbili. Kulia nyuma, nne. Kushoto nyuma, tano, tano, sita, tano. Miezi na miezi. Nilimuuliza siku moja anaziandika za nini.

"Kila chumba kina tabia yake," alisema. "Kikibadilika tabia, nataka nijue mimi kabla ziwa halijaniambia."

Nikasema moyoni, mambo ya wazee hayo.

Siku ya mtihani niliamka mapema kuliko yeye. Nilikuwa na nia njema, naomba mniamini. Nilitaka apumzike, mikono yake isichoke. Nikachukua pampu, nikavikausha vyumba vyote vinane mwenyewe. Kushoto nyuma kulinichosha, nakumbuka nilibadilisha mkono mara mbili, lakini nilikuwa naimba, si nahesabu. Kisha nikaona mlango wa banda ulivyochorwachorwa, nikawaza mkaguzi atadhani hapa ni shule ya chekechea. Nikachukua kitambaa chenye maji nikaufuta wote, juu mpaka chini. Ukang'aa.

Mama akashuka. "Umepampu?"

"Vyote, Mama. Vikavu kabisa."

Akautazama mlango muda mrefu kidogo. "Pamekuwa pasafi," alisema. Hakuuliza zaidi. Aliniamini.

Saa tatu hewa ilikuwa baridi, upepo mwembamba wa usoni, maji yana vikunjo vidogo vidogo. Ndiyo hali yenyewe: hewa baridi inabeba vizuri, na vikunjo vinaingiza hewa chini ya viatu, maji hayashiki. Saa tatu ikapita. Ya nne ikapita. Saa tano upepo ukafa, jua likasimama kichwani, ziwa likalala likawa kioo. Maji ya kioo yananata, sijui niseme vipi. Saa sita kasoro dakika kumi mkaguzi akaja, anafuta jasho, anasema samahani za juu juu. Na mwili anao! Nilipiga hesabu kwa macho nikapata mimi mmoja na theluthi.

Nilitaka kumpa maneno yake, Mama akanibana kiwiko.

"Karibu, baba," alimwambia. "Viatu vivue, tafadhali. Na hilo begi libaki na mkwe wangu."

Mkaguzi akaingia nyuma, Panzi ikakaa kitako kwa uzito wake. Mume wangu akaifungua kamba. Mama akaipeleka mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, na badala ya kuelekeza pua kwenye boya, akaanza kuzunguka. Duara moja, duara la pili, anavuruga maji.

"Anafanya nini?" mume wangu aliuliza.

"Anajitengenezea mawimbi," nilisema, na nilijisikia fahari kama nimeyabuni mimi. "Upepo haukuleta, analeta mwenyewe."

Akafungulia moto. Injini yangu iliimba, sina la kuficha. Pua ikapanda. Nikangoja ile ya pili. Haikuja vizuri. Ilipokuja, ilikuja imechelewa na upande mmoja, ndege inavuta kushoto kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Mama akairudisha, ikavuta tena. Ikapanda kidato kwa shida, kisigino cha kushoto kinachora mfereji mweupe nyuma. Akalaza fimbo, kiatu cha kushoto hakikubanduka. Boya la njano likapita pembeni, Panzi bado iko majini. Moto ukakatwa.

Aliporudi gatini hakushuka. Alikaa na mikono yote miwili mapajani, anaitazama. Mume wangu akashika bawa, wala hakuwa na sura ya mshindi. Mkaguzi akasema kwa upole, "Mama, bado unalo jaribio la pili."

"Sihitaji," Mama alisema. "Miaka yote naihisi ndege hii mpaka ukuchani. Leo sikuihisi. Nilipotaka kushoto iinuke, haikuinuka." Akamgeukia mwanawe. "Mpigie mtu wako wa hoteli."

Mimi nilikuwa nimesimama na begi la mkaguzi kifuani. Kushoto, alisema. Kushoto. Mkono wangu wa kulia ulikumbuka kabla ya kichwa: ule uchovu wa asubuhi, kubadilisha mkono mara mbili. Chumba cha pampu tano! Na nisiwadanganye, shetani alinipitia. Niliwaza, ukisema, utaonekana mzembe mbele ya mkaguzi, mbele ya mumeo, fundi mzima. Ukinyamaza, watasema ni uzee tu, na nani atajua?

Ndipo nikaiona tena ile mikono mapajani. Alikuwa anakunja vidole na kuvikunjua.

"Subirini!" nilipiga kelele mpaka mkaguzi akashtuka. "Si yeye! Ni mimi. Kushoto nyuma, asubuhi, chumba kilitoa maji mengi. Mengi sana. Mimi sikuhesabu, Mama. Nilipampu tu. Na mlango nimeufuta mimi, huna hata pa kulinganishia."

Nilidondosha begi la watu, nikaruka juu ya kiatu cha kushoto nikiwa na pampu, nikafungua kifuniko cha nyuma. Maji yalikuwa hapo, yananitazama. Nikaanza. Safari hii nilihesabu kwa sauti, na Mama kutoka kwenye kiti chake akaanza kuhesabu pamoja nami, sauti yake chini ya yangu. Ishirini. Arobaini. Hamsini na tisa. Sitini na tatu, hewa.

"Karibu kilo thelathini na tano," Mama alisema. "Kisigino kimoja." Na sauti yake ilikuwa imerudi.

"Kwa hiyo ndege inavuja," alisema mkaguzi.

"Zote huvuja, baba. Ndiyo maana Mungu akaleta pampu. Hii imelegea ribiti, kipini cha kushikia bati, mkwe wangu ataifunga leo leo kabla haijaenda safari yoyote. Imechukua nusu siku kujaa, nusu siku ambayo wewe ulikuwa njiani. Mimi nakuomba dakika mbili."

Mkaguzi akatazama saa yake, akapata aibu kidogo, akafunga mkanda.

Duara moja. Duara la pili. Upepo hakuna, jua lile lile, mzigo ule ule uliovua viatu. Moto wote. Pua juu. Mume wangu alinishika mkono kwa nguvu, sijui kwa kuniombea au kwa kunikasirikia. Pua ikapanda ile mara ya pili, kidogo sana, na mimi niliihisi nikiwa nimesimama juu ya mbao. "Sasa," nilisema, na ndipo Mama alipolegeza. Panzi ikapanda kidato, ikanyooka, ikaanza kuteleza juu ya mawimbi yake yenyewe, haiendi kushoto wala kulia. Nikaliona bawa la kushoto likiinuka, upana wa vidole viwili. Kiatu cha kushoto kikabanduka, kinadondosha matone. Cha kulia kikafuata.

Boya la njano lilikuwa bado mbele. Mbele, jamani! Nafasi ya kuweka mitumbwi sita ilibaki. Nililia kwa sauti, mume wangu naye akalia, na yeye ndiye aliyetaka kuiuza. Nilimwangalia mama yule anapinda juu ya gati lao jipya, mbawa zimetulia, nikasema nimeoa vizuri. Ndiyo, nimeoa mimi. Mume nilipewa kama nyongeza.

Mkaguzi alitia sahihi akiwa miguu mitupu. Alipoondoka, mume wangu akafunga kamba za Panzi bila kusema neno, kama alivyoahidi, akaenda zake kupiga simu hotelini kusema haiuzwi.

Mama akaingia bandani, akachukua chaki. Kwenye mlango mtupu akachora vistari saba vya kutojulikana, na mahali pa kushoto nyuma akaandika sitini na tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Unajua," alisema bila kugeuka, "nilipokuwa narudi gatini nilishaaga."

"Uliaga nini, Mama?"

"Mikono yangu. Uliniambia vyote vikavu. Nikasema, mkwe wangu hawezi kunidanganya. Kama si maji, basi ni mimi."

Nilikaa pale pale juu ya mkoba wangu wa spana nikalia upya, na hiki kilikuwa kilio kingine kabisa. Alinigusa kichwani mara moja. Kisha akaniwekea chaki mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake.

Ribiti niliifunga jioni ile ile. Alfajiri nilishuka na pampu kabla ya chai, nikahesabu kwa sauti kila chumba, nikaandika. Kushoto nyuma, tano. Nikamwita aje aone. Alikuja na kikombe chake, akausoma mstari wote mpaka mwisho, akanipa kikombe.

"Mwandiko mbaya," alisema, akaenda kuruka.